Wifi Ananifanyisha Mazoezi ya Kulia Kabla Sikio Langu Halijawashwa

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako na naomba unisamehe kama barua hii haina pumzi, maana kwa mdomo siongei vizuri na mikono yangu wengi hawaielewi, kwa hiyo karatasi nikiipata inanikoma. Mimi ni fundi cherehani, na wewe nakufahamu kupitia magazeti ya zamani tunayokatia vielelezo vya nguo, nimesoma safu yako mara nyingi ikiwa mkono wa shati, na mara nyingine namaliza tatizo la mtu lote halafu jibu lako nakuta limeshakwenda na kwapa. La kwangu naomba nilipate zima.

Mimi ni kiziwi tangu nikiwa na miaka miwili, homa ilinishika, mimi nikapona, masikio hayakupona. Sikumbuki sauti yoyote, hata ya mama yangu. Shule nilisoma kidogo, ya viziwi, nikajifunza kuandika na lugha ya alama, na midomo ya watu ninaowazoea naisoma vizuri tu wakinitazama na wasiwe wanatafuna. Nina mume, fundi wa kuchomelea madirisha na mageti, mtu mpole mpaka anaudhi, na tuna binti wa miaka mitatu ambaye anasikia kila kitu hadi yasiyomhusu, na kwa mikono ananishinda hata mimi, akinitaka ananishika kidevu anakigeuza upande wake kama mtu anayefungua bomba.

Sasa siku moja huyu mtoto alikuwa anacheza nyuma ya meza ya kukatia, majora ya vitambaa yakamporomokea mguuni, akalia, akalia, na mimi niko hatua chache pale nashona pindo, na nilikuwa na furaha, maana mashine siku hiyo ilikuwa inakwenda vizuri, naisikia kwenye paja na kwenye vidole. Fundi mwenzangu aliyekuwa mlangoni akanirushia futi ya kupimia usoni ndipo nikageuka. Mtoto alikuwa ameshalia mpaka anatoa kwikwi kavu, na alikuwa ananitazama mimi. Mguu ulipona, lakini yale macho, mshauri, yale macho sijapona. Tangu hapo nataka sikio, sitaki redio, sitaki muziki, umbeya wa dunia nao wabaki nao wenyewe, nataka mtoto wangu akilia nigeuke.

Tukapata habari za kile kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio kwa upasuaji, halafu kwa nje unavaa kingine nyuma ya sikio kinachokamata sauti, na kidonda kikishapona ndipo kifaa kinawashwa. Nimepimwa, nimekubaliwa. Ila kabla ya upasuaji kuna vikao vya kumwandaa mgonjwa, na mgonjwa aende na mtu wa kwao. Mume wangu alikuwa na mageti ya watu, mama mkwe akasema, "Aende wifi yake, huyu ndiye mwenye mdomo." Mdomo anao, sikatai, anauza vipodozi na anaweza kukuuzia mafuta ya nywele una kipara. Lakini kwa lugha ya alama anajua maneno matano: kula, njoo, pesa, choo na safi.

Kikao cha kwanza tukaingia, mtaalamu amevaa barakoa. Midomo siioni, naona macho tu, na macho hayasomeki. Akaongea na wifi muda mrefu, akachora sikio ubaoni, akachora ubongo, akachora ngazi ndefu yenye mtu mdogo kabisa chini, halafu akaweka mkono kifuani kama anayetoa pole. Wifi akanigeukia, akainua dole gumba: safi. Nikamwuliza kwa mikono, yote yale ni safi? Akanijibu kwa midomo, "Safi sana, wifi." Na ile ngazi? "Ni ngazi tu." Nikamgeukia mtaalamu nikaitikia kwa kichwa, nikatabasamu, naye akafurahi, akaandika. Kikao cha pili hivyo hivyo. Mshauri, watu wanaosikia hawajui kwamba sisi tunaitikia kwa kichwa kama wengine wanavyopiga chafya, inatoka yenyewe, maana ukisema hujaelewa mara ya tatu mtu anakunja uso, anasema "basi, si kitu," na ukishaambiwa si kitu unajua wewe ndiye si kitu.

Siku hiyo ya pili wifi alitoka nje kuzungumza na simu, nikabaki kwenye benchi na mama mmoja muuza mayai, ana kitu cha duara kimeshika kichwani juu ya sikio. Akanisalimia kwa mikono. Kumbe ni kiziwi wa tangu utotoni kama mimi, akawekewa akiwa mtu mzima. Nikamwuliza, siku ya kwanza ulisikia nini? Akasema, "Vijiko kwenye bati. Mume wangu ananiita, vijiko kwenye bati. Mlango unafungwa, vijiko kwenye bati. Nikatamani kukitupa." Nikamwuliza, halafu? Akasema kafanya mazoezi kila siku, miezi na miezi, mtu wa nyumbani kwake anagonga kikombe, anapiga makofi, anamwuliza ipi ni ipi, kama mtoto anayefundishwa rangi. Sasa anasikia honi, anasikia hodi, anasikia mjukuu akilia, akiitwa jina anageuka. Simu haisikii, maneno bila kutazama midomo mengi yanampita, na nyumbani bado wanaongea kwa mikono. "Aliyepoteza masikio mwaka jana ubongo wake unakumbuka sauti," akaniambia, "wangu mimi na wako haujui hata kinachokumbukwa ni nini. Hawakukuambia?" Nikamwambia nimeambiwa safi. Alicheka mpaka mayai yakawa hatarini, halafu akaacha kucheka ghafla, akanishika mkono. Akasema anajua wawili waliokiweka kabatini, si kwamba kilikuwa kibovu, waliahidiwa kingine.

Basi nikarudi nyumbani na hiyo habari kooni, nakuta nyumba inajiandaa kuliko mimi. Mama mkwe ameshatangaza mtaa mzima kwamba mkwewe anasikia kuanzia mwezi ujao, majirani wanakuja kunitazama masikio kama watu wanaokagua nyumba ya kupanga. Baba mdogo wa mume wangu ametunga hotuba ya siku ya kuwashwa, ana karatasi mbili mbele na nyuma. Wameshagombana nani azungumze wa kwanza, mama mkwe anasema ni mzazi, baba mdogo anasema ni mwanamume, wifi anasema yeye ndiye alihangaika na vikao.

Na wifi ndiye mwenye simu ya kurekodi. Ananikalisha kwenye kochi karibu na dirisha kwa ajili ya mwanga, anasimama mbele yangu na simu, anasema, "Haya wifi, imewashwa! Unasikia! Shika mdomo. Si hivyo, hivyo ni mtu anayeumwa jino. Shika mdomo, halafu kifua, halafu machozi." Nikamwambia machozi hayaji. Akasema, "Fikiria msiba." Mama mkwe yuko pembeni anakosoa: "Mwambie asikunje pua." Tumefanya mazoezi hayo mpaka majirani wamezoea, binti yangu naye akiona simu tu anashika mdomo na kifua.

Hayo yote ningecheka, mshauri. Lakini mama mkwe ameanza kumpiga mtoto vidole akinionyesha alama. Anasema, "Mikono ipumzike sasa, masikio ya mama yako yanakuja." Juzi mtoto alitaka maji, akainua mkono, akakumbuka, akauficha nyuma. Akabaki ananitazama tu. Mimi nikajifanya sikuona, maana mama mkwe alikuwepo, nikaenda uani nikalia, na huko hakuna aliyerekodi.

Na mume wangu. Ana sentensi moja anaifanyia mazoezi. Nimemwona chumbani amenipa mgongo anazungumza na ukuta, anarudiarudia, mabega yanapanda na kushuka, na kwenye kioo cha kabati midomo yake ilikuwa inaonekana, nikafumba macho nisimwibie. Anataka aniambie siku hiyo akiwa nyuma yangu, nisikie bila kutazama. Nitamwambiaje kwamba sentensi yake itaniingia kama vijiko kwenye bati?

Kikao cha mwisho ni wiki ijayo. Mtaalamu ataniuliza mimi mwenyewe natarajia nini. Wifi ameniandalia jibu, anasema niseme nitasikia kila kitu na nitaongea kama mtangazaji, na nikionyesha wasiwasi nafasi yangu itapewa mwingine. Ndiyo nakuuliza, mshauri: niseme hivyo, halafu siku ya kuwashwa nijifanye nasikia, nishike mdomo na kifua nilie, wafurahi, mume wangu aseme sentensi yake mimi niitikie, halafu nijifunze taratibu kwa siri hadi uongo uwe kweli? Kuigiza naweza, nimeigiza maisha yangu yote. Au niseme ukweli sasa, wakate tamaa, pengine wasinipeleke kabisa, na mtoto wangu aendelee kulia mgongoni kwangu? Naomba unijibu haraka, na usiogope kunigombeza, barua haipigi kelele.

Ni mimi, Fundi wa Mapindo.

JIBU

Mwanangu Fundi, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho, nimecheka panapochekesha, na pale mtoto alipouficha mkono nyuma nikaiweka karatasi chini nikazunguka meza kwanza. Sasa kaa. Umesema nisiogope kukugombeza, na mimi sijawahi kuogopa.

Nianze na swali dogo. Huo upasuaji anafanyiwa nani? Maana mtaalamu amezungumza na wifi, ngazi ameonyeshwa wifi, pole amepewa wifi. Kwa hesabu yangu aliyeandaliwa mpaka sasa ni muuza vipodozi. Wamlaze yeye mezani! Wewe umeuziwa mbuzi kwenye gunia, gunia lenyewe umeonyeshwa kwa dole gumba, na bado ukaitikia kwa kichwa. Mtaalamu wa masikio anayemfundisha kiziwi huku amefunika mdomo naye ana lake la kujibu, nitakuja kwake. Lakini kichwa kilichoitikia ni chako. Najua kwa nini kiliitikia, umenieleza vizuri na nimekuelewa. Kwa jirani itikia, kwa muuza nyanya itikia. Kwa mtu anayetaka kukupasua nyuma ya sikio, mwanangu, hapana.

Nimewauliza wanaoifanya kazi hiyo. Muuza mayai hakukudanganya hata neno moja, na kwenye hicho kituo ndiye mwandaaji pekee aliyefanya kazi yake, tena akiwa kwenye benchi. Mtu aliyeacha kusikia kabla ya kujua maneno, akawekewa kifaa ukubwani, hawashiwi kama taa. Anaanzishwa kama mtoto mchanga. Mwanzoni ni kelele isiyo na maana, baadaye kelele inaanza kuwa na jina, na mazoezi hayaishi wiki moja wala mbili. Wengine wanafika mbali, wengine wanaishia kwenye hodi, honi na kilio cha mtoto. Hakuna anayeweza kukuapia utafika wapi, na anayekuapia muulize anauza nini.

Sasa huo mpango wako wa kujifanya. Ni mtamu, una huruma, na ni wa kijinga. Sikiliza nilichoambiwa: siku ya kuwashwa mtaalamu anakipima kifaa kwa majibu yako. Anatoa sauti, anakuuliza umeipata, ni ndogo, ni kubwa, inaumiza? Anakirekebisha kwa unachomwambia. Ukiigiza pale, ukiitikia sauti ambayo hukuipata, anakiweka vibaya kwa mkono wake mwenyewe, kwa nia njema, na wewe unatoka pale na uongo umepandikizwa kichwani na una betri. Halafu utajifunzaje kwa siri? Mazoezi yenyewe yanataka mtu wa kukugongea kikombe akuulize ni nini. Nani atakugongea, ikiwa nyumba nzima inaamini ulishasikia tangu siku ya kuwashwa? Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia kwenye kabati la wale wawili.

Wifi yako simchukii. Ana mdomo, ana simu, anakosa kazi. Mpe kazi. Kila siku akae nyuma yako agonge sufuria, afungue mlango, apige makofi, miezi yote hiyo, akuulize ipi ni ipi. Tuone kama hiyo ataipenda, maana haina mwanga wa dirisha. Akikataa, umejua alikuwa anamwandaa nani. Lakini kwenye kikao asikanyage tena. Na baba mdogo mwambie hotuba aihifadhi, baada ya mwaka mmoja utakuwa na hamu ya kuisikiliza, pengine. Mwaka huo atumie kuipunguza.

Mama mkwe mheshimu. Mpikie, msalimie, mbebee mzigo. Lakini vidole vya mtoto havina ubia. Hapo humwachii mume wala humsubiri mtaalamu, leo hii hii ukimwona mtoto ameficha mkono, uvute mkono ule mbele ya bibi yake, uujibu. Nawe mwambie bibi, kwa adabu, jambo hili ambalo hakuna aliyemwambia: kifaa kile kinavuliwa. Ukioga unakivua, ukilala unakivua, betri ikiisha kimezimika, na wewe ni kiziwi kama ulivyokuwa. Saa hiyo mjukuu wake akiwa na homa atakwambia kwa kitu gani, ikiwa mikono ameshapigwa ikanyamaza? Wewe ulipokwenda uani kulia ulimwacha mtoto peke yake na kiu yake. Nimekuambia nitakugombeza. Usirudie.

Mume wako ndiye wa kuambiwa kwanza, kabla ya kikao, na usimwambie kwa kumwonea huruma kana kwamba ni kioo kitavunjika. Anachomelea vyuma, huyo. Mkalishe, mwambie kila alichokuambia muuza mayai, vijiko na bati vyote. Halafu mwambie ile sentensi yake asiiweke akiba kwa mashine. Aiseme sasa, akiwa anakutazama, kwa mikono, na kwa midomo pale mikono inapomwishia. Mume anayezungumza na ukuta wakati mke yupo chumba hicho hicho mwenye macho mawili mazima, naye anahitaji kuandaliwa.

Kisha nendeni wote wawili. Mkifika, kabla hujakaa, andika kwenye karatasi kwa herufi kubwa umpe mtaalamu: "Vikao viwili vilivyopita sikuelewa kitu. Naomba vianze upya." Atashtuka, na ashtuke. Dai mkalimani wa lugha ya alama, si ndugu, mkalimani. Hakuna? Basi avue barakoa asimame mbali kidogo, au aandike, na azungumze nawe, si na aliyekusindikiza. Hakuna haya yoyote hapo, mficha uchi hazai. Muulize ngazi ile ina maana gani na mtu mdogo yule ni nani, ingawa nadhani umeshamjua. Muulize atakayekufundisha baada ya kuwashwa ni nani, na yuko wapi, na kifaa kikiharibika kinatengenezwa wapi. Na akikuuliza unatarajia nini, mwambie ulichoniambia mimi: mtoto akilia nigeuke. Wataalamu niliowauliza wanasema hawawaogopi wagonjwa wenye wasiwasi. Wanaowaogopa ni wale wanaosema watakuwa watangazaji.

Inawezekana, baada ya kuelewa, wewe mwenyewe ukasema hapana. Ni halali. Inawezekana pia ukasema ndiyo kwa nguvu kuliko zamani, na hilo ndilo ninalolitegemea kwako, maana mtu anayesikia pindo kwa paja ana subira ambayo ukoo wote huo wenye masikio hauna.

Mwisho, utaletewa karatasi ya kukubali upasuaji. Sahihi inayotakiwa pale ni yako, na kichwa ni chako. Usitie wino kabla ya jaribio hili moja: mkalishe mumeo, mweleze kwa mikono yako mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, nini kitatokea siku ya kwanza na nini hakitatokea, na nyumba yenu itafanya nini siku ya pili, na ya tatu, na miezi ile yote. Ukikwama katikati, hujaandaliwa. Rudi ukaulize tena, na wakikunja uso, wakunje. Ukifika mwisho bila kukwama, na yeye akarudia ulichosema kikawa ndicho, tia sahihi, nenda ukapasuliwe.